Kilio Kwenye Nyumba ya Kupanga

Mimi ni mtu wa kelele, na sijawahi kuona haya kwa hilo. Kwenye saluni ninapofanya kazi, pale katikati ya mji, wateja wanasema sauti yangu inafika mpaka robot ya pili, yaani taa za barabarani, kabla hazijageuka. Nikicheka, mwenye duka la simu la jirani anapunguza muziki wake ili naye asikie kinachochekesha. Kwetu Bukavu tulizaliwa wengi, na mtoto asiyepaza sauti alilala njaa. Kwa hiyo nikikuambia kwamba nyumbani kwangu niliwanyamazisha watu waliokuja kulia, usidhani mimi ni mpenzi wa ukimya. Nilifanya vile kwa sababu ya nyumba.

Nyumba yenyewe ni fleti, huku juu mtaa wa Berea, ghorofa ya tano, kwenye jengo la zamani lenye lifti inayopumua kama mtu wa pumu. Ina vyumba vitatu, sebule, na veranda iliyozibwa kwa vioo. Jina kwenye mkataba ni langu, maana ni mimi niliyetangulia kupata karatasi nzuri na hati ya mshahara, wakati wenzangu bado wanasimama kwenye foleni. Watu wa kwetu hapa Durban tunaishi hivyo. Mmoja anatoa jina, wengine wanatoa sehemu ya kodi, na mambo yakibana sana sebule inakatwa kwa pazia. Kwa karatasi, mpangaji ni mmoja. Kwa sufuria, sisi ni kijiji.

Chumba kimoja tulilala mimi na binti yangu. Cha pili walikaa mume na mke, Warundi, watu wa taratibu sana, wote wanafanya kazi mjini. Cha tatu alikaa mdogo wangu. Namwita mdogo wangu, lakini hatukunyonya ziwa moja. Yeye ni wa Uvira, tulikutana kanisani, akaniita dada siku ya kwanza na sikuwa na sababu ya kukataa. Alikuwa anauza vifuniko na chaji za simu mbele ya duka la mtu, juani tangu asubuhi, na jioni anarudi na miguu imevimba. Mpole, lakini wa kucheka. Mimi natoa maneno, yeye anacheka, ndivyo tulivyogawana kazi.

Kila Jumapili tukitoka kanisani alimpigia mama yake Uvira. Aliweka simu mezani, sauti wazi, na yule mama alitusalimia nyumba nzima mmoja mmoja. Mimi aliniuliza goti langu linaendeleaje. Hatukuwahi kuonana, lakini goti langu alilijua. Alimwambia binti yake, "Umusikilize dada yako," na mimi nilijibu kwa sauti, "Umesikia? Mama ameshasema!" Nyumba nzima tunacheka.

Mdogo wangu hangeweza kwenda kumwona. Watu wasiojua wanauliza, mbona haendi hata likizo? Mtu mwenye karatasi za ukimbizi harudi alikokimbia. Akirudi, wanamwambia basi kumbe kwenu ni salama, na karatasi zinakufa. Kwa hiyo kati yake na mama yake kulikuwa na simu ya Jumapili tu, na sisi sote tulijua, bila kusema, kwamba siku moja simu hiyo italeta kifo, na kitu pekee atakachoweza kumfanyia mama yake ni kulia vizuri. Kaburi hataliona. Kilio ndicho kitakachokuwa kaburi lake.

Sasa nikueleze habari za nyumba, maana bila hizo hutanielewa, na mimi nataka kueleweka hata kama sistahili kusamehewa.

Nilipofika Durban, wenye nyumba wa Berea walikuwa wanatafuta familia. Walitaka mtu mtulivu, mwenye mke, mwenye mtoto mmoja, anayelipa. Siku hizi hawatafuti familia, wanatafuta vitanda. Wanafunzi wa chuo wamejaa, na mwenye nyumba amegundua kwamba chumba akikiuza kwa kichwa, kitanda hiki na kitanda kile, anapata zaidi kuliko kukiuza kwa mlango. Jengo letu lilianza kugeuka ghorofa kwa ghorofa. Leo unamwona jirani anashusha kabati, kesho unaona mafundi wanapandisha vitanda vya chuma, kesho kutwa koridoni muziki na viatu vya michezo. Familia zilizotoka pale zilishuka mjini, kwenye maghorofa ambayo zamani yalikuwa ofisi, unalala pale mtu alipokuwa anapiga chapa. Wengine walikwenda kusini, kwenye vyumba vya uani karibu na viwanda. Matangazo ya vyumba yanabandikwa kwenye nguzo, na ukisoma utadhani wanapangisha sanamu: wasije wageni, wasije watoto, wasipige simu watu wa nchi za nje.

Ajenti wa jengo alikuwa msichana mpole mwenye kucha nzuri, na upole wake ndio ulionitisha. Mtu mkali unagombana naye mnamaliza. Yeye alinipa kiti, akaniambia mikataba ya ghorofa yetu inaisha mwisho wa mwezi. Mwenye jengo atawaongezea muda wapangaji wasio na malalamiko, na wengine fleti zao zitakwenda kwa wanafunzi. Sisi tulikuwa na lalamiko moja. Bibi wa ghorofa ya nne alikuwa amelalamika juu ya maombi yetu ya usiku wa mwaka mpya. "Moja si neno," ajenti akasema, akitabasamu. "La pili, eish, sitaweza kuwasaidia." Akaongeza kwamba Jumatatu ijayo atakuja kukagua.

Nilirudi nikawaambia wenzangu, tutembee kwa vidole mpaka Jumatatu. Yule baba wa Kirundi akasema yeye amezaliwa akitembea kwa vidole, tatizo ni mimi. Tulicheka. Hiyo ilikuwa Jumanne.

Alhamisi mchana nilikuwa saluni, nimeshika kichwa cha mteja nusu kimesukwa, simu ikalia namba ya Kongo. Ilikuwa ni mjomba wa mdogo wangu. Kwetu mtu hapewi habari ya kifo peke yake kwenye simu, kama anaambiwa bei ya unga. Wanatafutwa kwanza wakubwa walio karibu naye, wao wanajipanga, wanakaa naye, ndipo anaambiwa akiwa na mikono ya watu pembeni. Mjomba akanitafuta mimi. Akasema, "Mama, wewe ndiye mukubwa wake huko. Mama yake ametuacha leo asubuhi. Tunakuachia mutoto."

Nitasema hapa kitu ambacho sikumwambia mtu siku ile. Kitu cha kwanza kilichonijia si yule mama aliyeulizia goti langu, wala mdogo wangu. Kilichonijia ni Jumatatu. Nikahesabu kichwani wamama wa kanisa watakaokuja, nikasikia vile watakavyopaza sauti mlangoni, maana kwetu kilio kinaanzia mlangoni, na nikamwona yule bibi wa ghorofa ya nne akichukua simu yake. Mjomba bado alikuwa anazungumza. Mimi nilishafika kwa ajenti.

Nilimwachia mwenzangu kile kichwa, nikapiga simu kwa wamama wawili wa kanisa, nikapanda taxi kwenda Berea. Wamama waliniuliza tupeleke nini. Nikasema, "Njooni, lakini njooni kimya. Iko shida ya nyumba." Hawakuuliza zaidi. Kila mtu wa kwetu hapa anajua shida ya nyumba.

Tulipofika, mdogo wangu alikuwa hajarudi. Ilikuwa Februari, na Februari ya Durban mnaijua, joto linakaa juu ya mtu kama blanketi bichi. Mimi nikaanza kufunga madirisha. Nilifunga la jikoni, nikafunga ya sebuleni, nikaenda verandani kwenye vile vioo vya kusukuma ambavyo huwa havifungwi mwaka mzima, nikavisukuma mpaka vikalia. Wamama walikaa kwenye makochi wakinitazama, jasho linawatoka. Nilikuwa kwenye dirisha la mwisho, mkono kwenye komeo, mlango ukafunguliwa.

Alisimama na begi lake la vifuniko vya simu. Akawaona wamama. Akaniona mimi na lile dirisha. Akatazama madirisha yote, moja baada ya lingine, yamefungwa katika joto lile.

"Dada," akasema, "ni mama?"

Hakuna aliyemwambia, na mpaka leo ndilo linalonichoma. Wamama walikuwa wamejiandaa, mmoja alikuwa na neno la Mungu, mwingine alikuwa amekaa karibu na mlango ili amshike. Lakini habari aliipata kwa madirisha. Alielewa kwamba mama yake amekufa na kwamba hataruhusiwa kupiga kelele, vyote viwili kwa mara moja, na vyote viwili kutoka mikononi mwangu.

Alifungua mdomo. Niliona kifua kikipanda. Mimi nikamkimbilia nikamkumbatia, na kama ungekuwa pale ungesema, tazama dada anavyompenda. Nilimpenda kweli. Lakini nilimbana uso wake begani kwangu, nikamwambia sikioni, "Polepole, mdogo wangu, polepole, Jumatatu." Nilisema hilo neno, Jumatatu, kwa mtu aliyefiwa na mama. Na yeye akatikisa kichwa, akaelewa, akanisaidia. Akalia begani kwangu bila sauti, mwili unaruka kama mtu mwenye kwikwi.

Tukaondoa makochi, tukatandika godoro lake chini sebuleni, akakaa. Hapo ikabidi nifikirie watu. Kilio cha kwetu ni watu. Wanakuja usipowaita, wanalala, wanapika, wanaimba, wanaume wanakaa nje na moto wa mkaa. Na chini mlangoni kuna mlinzi, baba mmoja Mzulu mtu mzima, ambaye kazi yake ni kuhesabu wageni. Basi mimi, mtu wa akili nyingi, nikapata akili. Nikawaambia wamama wawaambie wenzao wasije kwa kundi. Waje wawiliwawili, na kila mmoja ashike mkononi pakiti ya meshi, zile nywele za kusukia, kama anakuja kusukwa kwangu. Mlinzi anajua kazi yangu, hatauliza.

Kama wewe si mtu wa kwetu, hujui nilichowaomba. Mwanamke wa kilio hasuki. Anafumua, anafunga kitambaa, kichwa chake kinabaki hivyo mpaka kilio kiishe, ndipo anatengenezwa, na watu wanajua sasa amerudi kati ya wazima. Kubeba meshi kwenda kwenye kilio ni kama kwenda kuzika na keki ya harusi. Mama mmoja mzee alishika ile pakiti kwa vidole viwili. Akaniambia, "Mwanangu, nimezika watu wangu vitani, tulilia tukikimbia, lakini hii bado sijaiona." Akaibeba hivyo hivyo. Wote waliibeba. Walipanda na lifti ile inayopumua, wawiliwawili, na meshi zao za rangi, wakivua viatu koridoni.

Wanaume hawakuwa na nje. Baba wa Kirundi aliwakaribisha kwenye gari la mwenzake lililoegeshwa barabarani, wakakaa humo wanne, vioo juu, wakimlilia mama wa watu kama wanaomsubiri mtu amalize ununuzi. Chakula kilipikwa kwa mtu mwingine mjini, kisilete harufu, kikaja kwenye mabegi ya shule. Nyimbo ziliimbwa kwa midomo. Nakuapia, wamama walikaa kuzunguka godoro wakaimba wimbo mzima na hakuna sauti, midomo tu inakwenda, na mmoja anapiga makofi ambayo hayagusani. Ningeyaona hayo mahali pengine ningecheka mpaka nianguke.

Jumamosi jioni uchungu ulimfikia. Uvira walikuwa wamezika, wakampigia, akasikia kwenye simu udongo na watu wanavyolia kule, wanavyolia kama watu, uwanjani, chini ya mbingu. Kifua kikaanza kupanda tena. Wamama wote wakanigeukia. Hawakumtazama yeye, walinitazama mimi, kama wanaouliza ruhusa. Na mimi nikainuka, nikachukua mto wa kochi, nikampa.

Aliupokea. Aliukandamiza usoni, akauuma. Mto ule ninao bado, una alama, siwezi kuutupa na siwezi kuukalia.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua. Mimi nilificha kilio chenyewe, na Jumatatu ajenti alikuja na kucha zake nzuri, akakuta makochi mahali pake, vyumba vimefagiwa, mdogo wangu yuko kazini mbele ya duka la mtu akiuza vifuniko vya simu. Ndiyo, kazini. Alikwenda mwenyewe, sikumtuma, lakini sikumzuia. Ajenti akasema anapenda nyumba tulivu namna hii. Akasaini. Kodi ilipanda, bila shaka, lakini tukabaki.

Jioni ile nilikutana na mlinzi mlangoni. Alivua kofia. Akaniuliza kwa taratibu yule binti aliyefiwa anaendeleaje. Nilishtuka. Nikamuuliza amejuaje.

"Sisi," akasema, ndivyo Wazulu wanavyomwita dada, "wanawake wangapi wanakuja kusukwa na wanashuka hawajasukwa?" Halafu akasema, bila ukali, kwamba hata kwao mfiwa anakaa kwenye godoro. "Ungeniambia tu. Ningemwendea gogo, yule bibi wa ghorofa ya nne. Naye alifiwa na mume wake humu humu, anajua."

Mimi, mwenye jibu kwa kila mteja na kwa mume wake, nilisema asante nikapanda ngazi, maana nilikuwa naona haya kusubiri lifti mbele yake.

Watu walinisifu. Baba wa Kirundi alisema nimeokoa nyumba, na ni kweli, yeye na mke wake wangekwenda wapi? Wamama wa kanisa walisema mji ni mji, ungefanyaje. Mdogo wangu mwenyewe aliniambia, "Aksanti dada, ulifanya vizuri." Angenitukana ningejua pa kuanzia. Nimegombana na watu wengi maishani mwangu na tukapatana. Lakini mtu akikushukuru kwa kitu kama hicho, unakwenda nacho wapi?

Kitambaa hakukivua. Wiki zikapita. Nilimwambia njoo saluni nikutengeneze kichwa, nitakusuka vizuri. Akasema, "Bado, dada. Bado niko kwenye kilio." Alisema kwa upole uleule. Jumapili baada ya kanisa alikaa chumbani, meza ikabaki bila simu. Hakucheka tena maneno yangu, alitabasamu tu, na mimi nikaanza kupunguza maneno. Binti yangu aliniuliza kama naumwa.

Siku moja akasema anatafuta chumba. Sikumuuliza kwa nini. Nikajifanya ni mambo ya kodi kupanda, nikasema sawa, vyumba nitakutafutia, vyumba navijua. Na kweli navijua. Tukazunguka. Mjini tuliona chumba ndani ya ofisi ya zamani, kisafi, mlango wa chuma, lakini sheria yake ni hakuna mgeni baada ya magharibi. Akatikisa kichwa. Chini ya Berea tuliona kimoja kizuri kabisa, chenye dirisha linaloona bandari, mwenye nyumba akasema anachotaka yeye ni utulivu. Mdogo wangu alitoka nje kabla sijamaliza kuuliza bei. Nilianza kukasirika. Nikamwambia, "Wewe unatafuta nini? Ikulu?" Akasema, "Nitakijua nikikiona."

Alikiona Jacobs, kule kusini kwenye viwanda. Chumba cha uani, ukuta wa bloku, nyuma ya nyumba ya bibi mmoja Mzulu, na nyuma ya ukuta wa bibi kuna kiwanda. Mashine zake zinatetemesha vikombe kabatini, malori yanapita, hewa ina harufu ya rangi na chuma. Nikamwambia hapa hata punda hatalala. Mimi nikabaki getini nabishana na fundi kuhusu bomba la maji, yeye akaingia kuongea na bibi. Alipotoka alikuwa amekubali.

"Na kelele hizi?" nikamuuliza.

"Kelele ni nzuri," akasema.

Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Nilidhani amechagua mashine zile ili apate kulia na asisikike. Nilirudi Berea na taxi, uso dirishani, nikijiambia kwamba nimemfundisha mtu kutafuta kiwanda cha kumfichia machozi.

Na chumba chake? Chumba kile ninaona aibu kukisema. Kilikaa wazi siku chache tu. Kodi ilikuwa imepanda, na wanafunzi wanagonga mlango kila siku. Nikaweka vitanda viwili. Navipangisha kwa kichwa. Wale wasichana wawili ni wazuri, wananiita ma, wanacheka na simu zao usiku kucha na wala hakuna anayelalamika, maana jengo zima sasa ni wao. Kelele ya mwanafunzi ina bei yake, imeshalipiwa.

Mwezi wa nane mdogo wangu alinipigia. Akasema, "Dada, Jumamosi nalia kilio cha mama. Ujulishe wamama."

Nilikwenda mapema na sufuria mbili. Nilikuta watu tayari, na hawakubeba meshi. Walibeba bugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki, vipaza sauti hawakuhitaji. Wanaume walikuwa uani, wamewasha mkaa, baba wa Kirundi anachochea moto kama waziri. Viti vya plastiki bibi mwenye nyumba alikuwa ameviazima kanisani kwake. Alinipokea yeye mwenyewe, akanishika mkono, na kwa Kiingereza chake na Kizulu changu cha saluni tukaelewana. Akasema wapangaji wengine wote wakija wanauliza maji, umeme, kufuli. "Huyu hakuniuliza hata kimoja. Aliniuliza kama hapa mtu akifiwa anaruhusiwa kulia. Nikamwambia, mtoto wangu, hii ni nyumba ya watu."

Niliingia. Chumba kidogo kilijaa wanawake wamekaa chini, ukuta hadi ukuta. Yeye alikuwa kwenye godoro, lile lile, na kitambaa kichwani. Pembeni ya kichwa chake ameweka simu ile ya Jumapili, imezimwa. Mashine za kiwanda zilikuwa zinanguruma na kila mtu anapaza sauti ili asikike. Nikatafuta pa kukaa karibu na mlango, kama mgeni.

Halafu mashine zikazimika. Ilikuwa Jumamosi, watu wa kiwanda wana nusu siku, sikuwa nimelifikiria hilo. Ukimya ukaingia chumbani mara moja, unasikia mpaka mkaa unavyopasuka nje. Na katika ukimya ule nikaona kifua chake kinapanda.

Sikufikiri. Naapa sikufikiri. Nilishtuka tu nimesimama, nimewaruka wamama wawili, mkono wangu uko kwenye dirisha, nalivuta.

"Dada."

Nikageuka. Wamama wote walikuwa wananitazama, kama siku ile.

"Acha," mdogo wangu akasema. "Fungua."

Nikalisukuma mpaka mwisho. Nikaenda kwenye la pili nikalifungua. Mlango ulikuwa umerudishwa, nikaufungua nao, nikauwekea tofali. Nyuma yangu akaanza. Alimwita mama yake kwa jina lake la nyumbani, kwa sauti ambayo sikujua anayo, mimi niliyekaa naye miaka, na wamama wakaipokea, na wanaume uani wakasimama, na bibi mwenye nyumba, asiyejua neno moja la kwetu, naye akapokea kwa lugha yake. Majirani walitoka kwenye ua wao. Hakuna aliyepiga simu kwa mtu. Walikuja wakaegemea ukuta, kofia mikononi.

Mimi nilibaki pale mlangoni na mguu wangu kwenye tofali. Yeye alilia mpaka akapata pumzi, akafuta uso, akanitafuta kwa macho. Ubavuni pake palikuwa na nafasi, ile ya mtu wa nyumba, ambayo watu wanaiacha hata chumba kikijaa. Akaipiga kwa kiganja.

Nikaenda nikakaa. Nikamshika mkono, nikafungua mdomo nimpe pole, pole niliyopaswa kumpa mwezi wa pili, mimi ambaye sauti yangu inafika robot ya pili. Akainamisha kichwa karibu na mdomo wangu. Akaniuliza nimesema nini, maana nilikuwa bado nanong'ona.